Nilikuwa teja wa mchele mbichi Ifakara, shule ikaamua nina mimba

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo nimeshaitikia marahaba kabla hamjaniamkia.

Naandika nikiwa na hasira kidogo, niseme mapema. Juzi kuna mtu kaleta humu picha ya dada anatafuna mchele mbichi dukani, watu wakashinda siku nzima wanacheka. Mmoja akaandika "huyo ana mapacha." Mwingine akasema ni uchafu, mwingine akasema ni njaa ya kwao.

Sasa mimi nilikuwa huyo dada. Na nilikuwa mbaya kuliko yeye.

Nitasimulia yote, ya aibu na ya kuchekesha, na sitaongeza chumvi kwa sababu hayahitaji. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wengine bado wapo na wajukuu zao wana simu.

Nimezaliwa na kukulia Ifakara, mtaa wa Lipangalala. Hii ni miaka ya tisini katikati.

Baba alikuwa mfanyakazi kwenye mashamba ya miwa, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alikuwa anapepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa. Kwa wasiojua, mkulima analeta mpunga wake kwa magunia, mashine inakoboa, halafu akina mama wanakaa chini na ungo kutenganisha mchele mzima, chenga na pumba. Ni kazi ya vumbi. Mama alikuwa anarudi jioni nyusi nyeupe.

Kwa hiyo kwetu mchele haukuwa chakula cha sikukuu kama kwenu huko. Ulikuwa kila mahali. Ukikunjua khanga ya mama unadondoka. Ukilala unakuchoma mgongoni.

Nilianza nikiwa darasa la saba. Nilikuwa nampelekea mama chakula mashineni, nakaa kumsubiri amalize nirudi na vyombo. Nikiwa pale nachota punje mbili tatu, natafuna. Watoto wote wa akina mama wale walifanya hivyo. Wenzangu walitafuna wakachoka, wakaenda kucheza. Mimi sikuchoka.

Ngoja niwaeleze utamu wake, maana najua kuna mtu anasoma hapa anajifanya hajui.

Mchele uliotoka mashineni sasa hivi una joto. Unautia mdomoni, hutafuni haraka. Unausubiri ulainike kwa mate, halafu unaubana na magego taratibu. Kuna utamu wa mbali unatoka, na ile sauti kichwani, kru, kru, kru. Dunia nzima inanyamaza unasikia hiyo tu.

Nilifika hatua ukinifumba macho nakuambia huu umetoka kijiji cha Mchombe, huu cha Mbingu. Wa Mchombe ulikuwa laini na una harufu nzuri. Wa Mbingu mgumu, unakaa mdomoni muda mrefu, huo ndio niliokuwa naingia nao darasani. Mnacheka? Kuna watu wanalipwa mishahara kwa kuonja chai.

Fundi wa mashine alikuwa mzee mmoja, tumwite Babu Salehe. Mtu wa swala tano, mpole, masikio yake yameshaharibiwa na kelele za ile injini. Nikimwamkia na kukinga viganja ananimiminia konzi moja la chenga. Hakuwahi kuninyima, na hakuwahi kuniuliza wa nini.

Kufika form two nilikuwa sili tena, natafuna tu. Mama anapika wali na kambale, nyumba nzima inanukia, mimi nasukuma sahani. Wali huo huo! Ukiiva siutaki. Halafu naenda nyuma ya choo na konzi langu.

Mtu akikuambia "si uache tu, mchele tu huo," jua hajawahi kukamatwa na kitu.

Nilijaribu kuacha sijui mara ngapi. Siku ya kwanza mate yanajaa mdomoni, nameza nameza. Siku ya pili kichwa kinauma, mtu akinisemesha namjibu vibaya. Siku ya tatu najikuta nimepiga magoti chini ya meza naokota punje zilizodondoka mama alipokuwa anachagua mawe, naziweka mdomoni na mchanga wake.

Kuna jingine linaniuma mpaka leo. Kulikuwa na msiba kwa jirani, wasichana tukapewa ungo tuchague mchele wa kupikia waombolezaji. Ndani watu wanalia. Mimi ungo uko mapajani, nachagua kidogo natafuna sana. Mchele wa msiba, wakuu.

Jirani yetu mwingine, Mama Devota, akaniangalia mdomo. Akashuka akaniangalia tumbo. Akanyamaza. Kunyamaza kwa Mama Devota si jambo la kawaida, nilipaswa kushtuka.

Hapa inabidi nieleze kitu cha kwetu. Mama mjamzito akitafuna mchele mbichi, au akila udongo, watu wanamchekea, wanamletea na mwingine. Ana ruhusa. Asiye mjamzito hana ruhusa, na hakuna anayefikiri kwamba anaweza kuwa anaumwa. Kwa hiyo ukionekana unatafuna, jibu ni moja. "Yule ana kitu."

Na mwili wangu ulikuwa unashirikiana nao kunitia hatiani. Nilikuwa nachoka ovyo. Nikipanda baiskeli hatua ishirini moyo unadunda mpaka shingoni. Viganja vyeupe. Nasinzia kipindi cha kwanza mpaka cha mwisho. Uso unavimba asubuhi, tumbo limejaa kama ngoma, na siku zangu zilikuwa zimepotea miezi kadhaa. Mwenyewe niliona ni ahueni, usumbufu umepungua.

Sasa tufike siku yenyewe.

Shuleni kwetu asubuhi ilikuwa mchakamchaka. Mnakimbia mistari miwili mnaimba, halafu mnasimama assembly. Mfuko wa sketi yangu ulikuwa umejaa mchele wa Mbingu, na mimi sikujua kwamba umetoboka.

Nimekimbia uwanja mzima namwaga. Tumesimama kimya kusubiri bendera, wakaja kuku watatu wa mwalimu mmoja aliyeishi pale pale shuleni. Wanadonoa, wanasogea, wanadonoa, wanasogea. Wamefuata mstari wote mpaka kwangu. Mmoja akapanda juu ya kiatu changu.

Shule nzima ikaangua kicheko. Matroni, mwalimu msimamizi wa wasichana, akaja, akaangalia chini, akaangalia mfuko, akanishika mkono.

Ofisini akafunga mlango. Naomba msome haya mazungumzo polepole, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapa.

Akaelekeza kidole kwenye punje zilizobaki mfukoni. "Agripina, huu mchezo umeanza lini?"

Mimi akilini ni mchele tu. Nikaona nimekamatwa, bora niseme ukweli. "Tangu darasa la saba, mwalimu."

Matroni akashika kifua. "Darasa la saba! Wapi?"

"Mashineni. Nyuma ya magunia."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, mwalimu. Jumapili tu ndiyo hapana, mashine inafungwa."

"Mungu wangu. Na nani?"

"Babu Salehe, fundi wa mashine. Lakini mwalimu, yeye hana kosa. Mimi mwenyewe ndiye ninayemfuata kumwomba."

Wakuu, mimi nilidhani namtetea yule mzee!

"Mama yako anajua?"

"Anajua kidogo. Alishanichapa."

Akanilaza kwenye benchi, akanibonyeza tumbo. Akaniuliza siku zangu, nikamwambia. Akaandika. Nilimwona anaandika lakini sikuona anaandika nini.

Mchana kengele ikagongwa, tukaitwa wote uwanjani. Headmaster akaniita mbele. Akasema huyu msichana ameaibisha shule, ameanza umalaya akiwa mtoto wa darasa la saba, na sasa ana mimba ya miezi minne ya mzee wa kumzaa baba yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikanyoosha mkono kama tuko kipindini.

"Mwalimu, mimi sina mimba. Mimi nakula mchele."

Walicheka mpaka walimu. Kuna wanaonikumbusha hiyo sentensi mpaka leo nikikutana nao sokoni.

Nikapewa barua, nisionekane shuleni mpaka nije na wazazi. Na mnajua enzi zile, msichana akisemwa ana mimba, shule imekwisha. Hakuna kujifungua ukarudi. Ukitoka umetoka. Nilikuwa wa tatu darasani, na shule ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikuwa na vumbi la pumba.

Nyumbani mama alinipiga mpaka akachoka, akakaa chini akalia. Nikamwambia, "Mama, naapa ni mchele tu."

Akanijibu, "Ndiyo huo huo mchele, Pina! Mimi nimezaa watoto watano, utaniambia nini kuhusu mchele?"

Unaona mtego ulivyokuwa? Ukweli wangu ndio uliokuwa ushahidi wao. Kila nikisema mchele, wao wanasikia mimba. Ningesema uongo ningekuwa na nafuu.

Baba akapelekewa habari yote kazini, akaja Jumamosi. Hakunigusa. Aliacha begi mlangoni akaenda moja kwa moja mashineni. Mimi na mama tukamfuata tukikimbia.

Akamkuta Babu Salehe anamimina mpunga. Akamshika shati, akamvuta nje mbele ya wakulima na akina mama wote. "Unampa nini mwanangu?"

Babu Salehe, na masikio yake yale, akajibu kwa sauti kubwa kama kawaida yake, "Mchele! Nampa mchele, kila siku! Mwulize mwenyewe!"

Baba akaona anadhihakiwa. Akainua mkono. Kama si wapakiaji wa magunia kumdaka, angempiga mzee wa watu wa miaka sitini na kitu kwa konzi la chenga. Mashine ilizimwa siku ile. Jumatatu yake mkewe Babu Salehe alikuwa ameshahamia kwa kaka yake.

Usiku huo wa Jumamosi wazazi wakaamua. Jumatatu mama anipeleke Mbingu kwa shangazi, nikae huko nijifungue kimyakimya, wasijue watu. Baba ataenda shuleni kuwaambia nimeacha.

Nikasema, "Nipimeni."

Mama akasema nikapimwe ili Ifakara nzima ituone kwenye foleni ya wajawazito? Basi. Mjadala ukafungwa.

Nikaenda kulala. Lakini sikuwa nimekubali.

Jumatatu asubuhi tukatoka, mimi nina furushi kichwani, mama ana kikapu, tunaelekea stendi. Sasa pale kuna njia panda. Kushoto stendi, kulia hospitali.

Nikakata kulia.

Mama akasema, "Pina." Nikaendelea. "Pina, rudi." Sauti ya chini kabisa, meno yamebana, maana barabarani kuna watu na hakutaka wajue kuna tatizo. Na mimi nililijua hilo. Nilijua mama hawezi kunipigia kelele hadharani. Nikaongeza mwendo.

Basi tukaenda hivyo, mimi mbele naenda kama mwanajeshi, moyo unataka kutoka, kila nikisimama kupumua mama ananikaribia nami naondoka tena. Watu wanatusalimia, mama anaitikia "salama, salama jamani," huku ananiambia kwa chinichini atanivunja miguu. Leo tukikumbuka tunacheka mpaka machozi. Siku ile hakuna aliyecheka.

Hospitali nikaingia chumba cha kwanza nilichokikuta. Kulikuwa na nesi mtu mzima, tumwite Nesi Yustina, Mpogoro, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Nikamwamkia, nikamwambia yote kwa pumzi moja. "Mama, shikamoo, mimi nakula mchele mbichi siwezi kuacha na watu wote wanasema nina mimba na sina, naomba unipime."

Mama akawa amefika mlangoni, anatweta.

Nesi Yustina hakuangalia tumbo langu. Wa kwanza tangu balaa lianze. Akanishusha kope ya chini akatazama. Akanigeuza viganja. Akaniangalia kucha. Halafu akauliza, "Unalima mpunga?"

"Likizo, mama. Tuna shamba."

"Na viatu?"

Nani analima mpunga na viatu?

Nikatolewa damu, mkojo, na choo. Tukakaa kwenye benchi mimi na mama mpaka jua likafika utosini.

Majibu yakaja. Mimba hakuna. Damu yangu ilikuwa sita, wakati ya kawaida ni kumi na mbili. Na safura, wale minyoo wanaoingilia kwenye nyayo ukikanyaga tope, wamejaa tumboni wananinyonya.

Mama alishika ile karatasi akaiangalia mbele na nyuma. Halafu akauliza swali ambalo lilinipa hasira kuliko kipigo chake. "Sasa mbona anakula mchele?"

Nesi Yustina akavua miwani. Akasema, "Mama Pina, mtoto akipungukiwa damu, mwili unakosa madini ya chuma, unaanza kutamani vitu vya ajabu. Mwingine udongo, mwingine barafu, mwingine mchele. Anautafuna, haumpi anachokitafuta, na akishiba mchele hali chakula, damu inazidi kupungua, tamaa inazidi kupanda. Huyu hana tabia mbaya. Huyu anaumwa, na angeendelea hivi angeanguka."

Akageukia kwangu. "Na wewe usidhani vidonge vitafanya kazi yote. Mdomo umezoea. Hiyo ni kazi yako."

Nililia, wakuu. Si kwa huzuni. Ni kusikia mtu mzima anasema naumwa.

Nikapewa dawa ya minyoo na vile vidonge vya kuongeza damu, nisimeze na chai. Na kuhusu mchele, hakuniambia niache. Aliniambia hivi. Ukisikia hamu, usijizuie kwanza. Kula chakula kilichoiva mpaka ushibe, maharage, matembele, dagaa, chochote. Ukishashiba, kama bado unautaka, tafuna. Na usijifiche. Tafuna mbele ya mama yako.

Ule ushauri wa mwisho ulikuwa mgumu kwa mama kuliko kwangu. Lakini alikaa. Jioni ananiwekea sahani, nakula, halafu tunatazamana, naye ananiletea konzi kwenye kisosi. Akaanza pia kunitengenezea pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa, nipate cha kutafuna. Wiki ya tatu nilipita mashineni nikafika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sikuona hamu. Nilirudi mpaka mlango wa mashine nikasimama kuhakikisha.

Lakini nimekimbia mbele. Turudi kwenye shule.

Siku mbili baada ya hospitali tukaenda kwa headmaster, mimi, baba na mama. Baba alikuwa ameshaisoma ile karatasi ya hospitali. Headmaster akaisoma, akasema tumshukuru Mungu. Matroni yuko pembeni anaangalia sakafu.

Akatoa barua iliyoshapigwa chapa. Inasema mwanafunzi huyu amesamehewa na anarudishwa shuleni, na mzazi anasaini kuthibitisha kwamba hatarudia.

Baba akachukua kalamu.

Nikasema, "Baba, usisaini."

Headmaster akaniuliza nasema nini. Nikamjibu. "Mwalimu, anayesamehewa ni aliyekosa. Mimi nilikuwa naumwa."

"Basi rudi nyumbani ukaendelee kuumwa."

Mama akanifinya paja. Nilijua anachosema, shule hii hapa, neno moja tu linakutenga nayo, mezea. Na kweli niliitaka ile shule kuliko nilivyowahi kuutaka mchele. Nikamwangalia baba. Nikasema moyoni, akisaini imekwisha, nitaingia darasani kama malaya aliyesamehewa.

Baba alikuwa bado ameshika kalamu. Baba yangu kusoma kwake ni kwa shida, anafuata mstari kwa kidole. Akaisoma tena ile barua yote. Tulisubiri.

Akauliza, "Mwalimu, yule mzee wa mashine ameandikwa wapi humu?"

Headmaster akasema huyo si mwanafunzi, hahusiki.

Baba akaiweka kalamu mezani. "Nilimshika shati mbele ya watu kwa maneno yaliyotoka kwenye ofisi hii. Mke wake ameondoka. Nikisaini kwamba mwanangu amesamehewa, maana yake kuna jambo lilifanyika. Kama lilifanyika, yule mzee alilifanya." Akasimama. "Hatusaini."

Hatusaini. Siyo "sisaini." Nilikuwa na miaka kumi na sita na hiyo ndiyo mara ya kwanza baba kunihesabu kwenye neno lake.

Tukafika mlangoni. Matroni ndiye aliyesema, "Headmaster, mimi ndiye niliyeuliza vibaya." Akavuta taipureta, akakaa, akapiga barua nyingine mwenyewe. Mistari miwili. Mwanafunzi alikuwa mgonjwa na amepata matibabu. Hana kosa, wala mtu mwingine yeyote aliyetajwa.

Baba akasaini hiyo. Headmaster alikataa kuisoma mbele ya shule. Matroni aliisoma kesho yake assembly, sauti ndogo, wa nyuma wakapiga kelele hawasikii, akairudia. Simchukii yule mama. Alikosea mbele ya watu akasahihisha mbele ya watu, na tangu hapo nimekutana na wachache wa aina hiyo.

Jioni baba akanichukua kwenda kwa Babu Salehe. Akamwambia, "Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi."

Babu akamtazama. "Nilikuambia nampa mchele."

"Uliniambia."

"Nilikuambia kwa sauti."

Baba akainamisha kichwa. Nakala ya barua akamwachia, na Ijumaa yake akaenda nayo yeye mwenyewe kwa wakwe wa Babu kumrudisha bibi. Bibi alirudi, ila baba hakupewa chai.

Wakuu, sitawadanganya kwamba nilipona nikaishi raha mustarehe. Mtihani wa form four ulipokaribia nilirudia, wiki mbili nzima, kwa siri. Nikaenda mwenyewe kwa Nesi Yustina kabla mtu hajaniona. Hakunigombeza, akanipima damu, ilikuwa imeshuka tena. Ukubwani nilipopata mimba ya kweli, hamu ikaja, na safari hii watu wote wakafurahi kuniletea mchele! Nikawakatalia. Nikaenda kupima damu. Mpaka leo nikisikia hamu sijiulizi nina dhambi gani, najiuliza nimeacha kula nini.

Nilichojifunza ni hiki. Kuna njaa ambazo ni ugonjwa, na zinatibika. Vipimo vipo, dawa zipo, na kuna kazi ya kufanya wewe mwenyewe taratibu. Anayekula mpaka anaumwa, asiyekula kabisa, anayetafuna udongo chumbani, hao wote wanajificha kwa sababu wanajua mtacheka. Na mkicheka wanajificha zaidi, mpaka waanguke.

Kwa walimu na wazazi mliomo humu, ukimwuliza mtoto swali, liseme lote. Usiseme "mchezo." Usiseme "kitu." Taja jina la unachokiuliza, kama mdomo wako unaona aibu basi usiulize.

Na wewe dada uliyepigwa picha dukani, kama unasoma hapa, kesho asubuhi nenda kashushwe kope. Huna wa kumwomba msamaha.

Haya, uwanja wenu. Waliopitia njooni tuambiane mlivyotoka, ambao bado mmo njooni PM kama hapa panawapa aibu. Wa kutukana nao karibuni, jipangeni vizuri tu. Mimi nimeshatukanwa na headmaster mbele ya shule nzima, na nikanyoosha mkono nikajibu.